Usinianzie na farasi

Karafuu zikilipa vizuri, mimi huarifiwa na vijana kabla ya redio. Hupita hapa bandarini Wete, Pemba, mifuko imetuna, wakainama juu ya mashine niliyoifungua, wakaizungusha propela kwa kidole, kisha swali ni lile lile: "Fundi, nichukue kumi na tano au arobaini?"

Mimi siuzi mashine za boti, nazitengeneza. Mtu akinunua kubwa au ndogo sipati senti, isipokuwa ile ya kuja kuifungua ikishakorofisha. Kwa hiyo naandika hapa jibu ambalo nimechoka kulirudia kwa mdomo: farasi, yaani nguvu ya mashine, hizo kumi na tano na arobaini, ndiyo swali la mwisho. Kwanza niambie chombo chako kina tumbo gani, shetri yake, yaani nyuma yake, ina kimo gani, unabeba nini, unapita wapi, na usiku mashine italala wapi.

Ndiyo, italala wapi. Nitafika huko.

Nianze na shemeji yangu wa kisiwa cha Fundo, kwa sababu ubishi wake ndio umenikalisha kuandika. Ana mashua ya mbao, futi 25 kwenye mstari wa maji, kazi safi, tumbo pana, imeundwa kubeba na kwenda kwa tanga. Alikuja na lake moyoni kutoka dikoni, pale pwani vyombo vinapofikia: mashine ya arobaini.

"Shemeji, wenzangu wote dikoni wana arobaini."

"Wenzako wana boti za faiba," nikamwambia.

Akanitazama kama niliyemtukania chombo. Lakini hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mashua haipandi juu ya maji, inayasukuma. Ikienda, huzua wimbi omoni, yaani mbele, na jingine shetrini, na kila mwendo unapozidi, wimbi hilo hurefuka. Likishafikia urefu wa chombo chenyewe, chombo kinakuwa kimekaa bondeni mwa wimbi lake: omo juu, shetri chini. Kila farasi utakayemwongeza baada ya hapo kazi yake ni kukipandisha chombo kilima ambacho kinajichimbia chenyewe. Hesabu yake ni ya siku nyingi na haihitaji chuo. Chukua urefu wa chombo kwa futi pale kinapogusana na maji, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34, utapata noti, yaani maili za baharini kwa saa. Ya shemeji ni 25, kipeuo ni 5, jibu ni noti 6.7, yaani kilomita 12 na kidogo kwa saa. Hapo ndipo mwisho wake wa kiungwana. Ukitaka zaidi utalipa petroli nyingi kwa mwendo wa kuhesabu kwa ncha za vidole.

Na nguvu ya kukifikisha hapo si kubwa. Kwa vyombo vya aina hii, farasi wanne au watano kwa kila tani wanatosha. Mashua yake ikiwa na nyavu, barafu, mabaharia na samaki inakaribia tani tatu. Piga hesabu mwenyewe. Kumi na tano inatosha.

Hakuniamini. Akaazima arobaini kwa mwenzake, tukaifunga, tukatoka nayo kwenye maji ya ndani, baina ya Wete na Fundo, bahari imelala kabisa. Kwenye nusu ya mafuta mashua ilikwenda vizuri. Alipofungua yote, shetri ikakaa, omo ikaangalia mbinguni, maji yakaanza kurukia nyuma, na mtoto wake akashika ndoo kufua maji bila ya kuambiwa na mtu. Mwendo haukuongezeka kitu cha kusemwa. Kilichoongezeka ni kelele na petroli. Kanuni ya mkono tunayotumia ni kuwa mashine ya petroli ikifunguliwa yote hula karibu lita nne kwa saa kwa kila farasi kumi, na stroki mbili za kabureta, zile zinazochoma petroli iliyochanganywa na oili, huzidi hapo. Maana yake kumi na tano ni lita sita hivi, arobaini ni kumi na sita. Tofauti hiyo ya lita kumi, kila saa, inatoka kwenye jodari uliyemtafuta usiku kucha.

Sasa asije mtu akasema fundi wa Wete kasema mashine ndogo ndiyo nzuri. Sikusema hivyo. Anayejua milango yetu ya upande wa magharibi, ile mianya baina ya visiwa, Njao na Fundo na Uvinje, anajua maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanavyotoka pale. Bahari yetu hupanda na kushuka hadi kama mita nne kwenye bamvua, na maji yote hayo ya ndani yanataka kupita kwenye milango ile kwa saa chache. Ukivuka nje ukaingia kwenye mkondo wa Pemba, mkondo unaelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi ikishika huzidi nguvu. Mtu anayekwenda noti sita, akakutana na mkondo wa noti mbili usoni, amebaki na noti nne. Akiwa na mashine dhaifu inayompa noti nne tu, amebaki na mbili, na jua linazama. Kwa hiyo akiba ya nguvu inahitajika. Ila akiba ni kutoka kumi kwenda kumi na tano. Kuruka mpaka arobaini ni kutafuta sifa.

Faiba ni habari nyingine kabisa. Zimezidi sana siku hizi, hasa tangu serikali ianze kuwakopesha wavuvi na wakulima wa mwani boti kwa mpango wa uchumi wa buluu. Faiba ya futi ishirini na kitu ina chini bapa. Ukiipa nguvu ya kutosha inalipanda wimbi lake, inakaa juu ya maji na kuteleza, na kile kikomo cha mashua hakiihusu. Hapa arobaini ina mahala pake. Lakini ujue kuwa faiba ina hali mbili tu za kwenda kwa raha: polepole kabisa, au juu ya maji kabisa. Baina ya hapo ni hasara tupu. Boti ya akina mama wa mwani ikishapakia mwani mbichi, ambao uzani wake mkubwa ni maji, haitapanda juu hata ufunge nini, na nahodha asiyejua huifungua yote njia nzima akidhani anawahi. Boti kama hiyo ama uifunge mashine ndogo uende taratibu, ama upunguze mzigo. Nahodha wa boti za abiria za Fundo na Kokota wanalijua hili bila ya kufundishwa. Mtazame mmoja akipanga watu: wazito anawasogeza mbele ili shetri inyanyuke, ndipo avute mafuta.

Haya, kimo cha shetri. Hili ndilo linaloniletea mashine nyingi kuliko jambo lolote, na ni la futi kamba ya fundi cherehani tu. Mashine hizi za nje ya boti huja na shafti, yaani mguu unaobeba propela, za urefu maalumu: fupi ni ya shetri ya inchi 15, ndefu inchi 20, ndefu zaidi inchi 25. Pima kutoka juu ya ubao wa shetri, pale vibano vitakapokaa, teremka wima mpaka chini ya chombo. Lile bapa la chuma lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na chini ya chombo, au chini yake kwa inchi moja. Likiwa juu mno, propela inakula hewa: mashine inapiga ukelele, chombo hakiendi, na maji ya kupozea yanakatika. Likiwa chini mno, unaburuta chuma majini bure, na maji yakipwa unalima mchanga.

Kwenye mashua kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya viwandani haviliandiki. Usukani umeshika katikati ya shetri, kwa hiyo mashine hufungwa ubavuni mwake. Chombo kikilalia upande wa pili kwa upepo au wimbi, mashine inanyanyuka na propela inatoka majini. Ndiyo maana mashua hata yenye shetri fupi mimi huitakia shafti ndefu. Kwa mtumbwi mdogo wa kuvulia ndani ya miamba ni kinyume chake: shafti fupi, mashine nyepesi, na pini za akiba mfukoni. Mashine ndogo nyingi zina pini inayokatika propela ikipiga jiwe, imewekwa makusudi ikatike yenyewe ili gia zisalimike. Nimeona watu wameichomeka msumari badala ya pini. Msumari haukatiki. Zinakatika gia.

Stroki mbili au stroki nne? Hapa watu hugombana kama Yanga na Simba. Stroki mbili ni nyepesi, ina vitu vichache vya kuharibika, na kijana yeyote wa dikoni anaifungua kwa spana chache. Yamaha Enduro imejaa mwambao huu kwa sababu hiyo. Ulaya na Marekani sheria za moshi zimeziondoa madukani stroki mbili za kabureta tangu miaka ya 2000, lakini kwetu bado zinauzwa mpya, na vipuri vyake vinapatikana kuliko vya nyingine. Ubaya wake ni ulafi. Sehemu ya petroli hutoka na moshi bila ya kuungua, na yote inaishia baharini. Halafu kuna oili. Mchanganyiko wa kawaida ni moja kwa hamsini: dumu la lita 20 linataka oili mililita 400. Wengi huchanganya kwa kukisia, wengine hutia oili ya pikipiki kwa kuwa ni rahisi. Tafuta iliyoandikwa TC-W3, hiyo ndiyo ya mashine za majini zinazopozwa kwa maji. Oili ya pikipiki imetengenezewa injini inayopozwa kwa upepo, inaungua kwa joto jingine, na mimi ndiye nitakayekukwangulia masizi kwenye pistoni.

Stroki nne inakunywa kidogo, haina moshi, na haipigi kelele. Si jambo geni: Honda ilianza kutengeneza za majini tangu 1964. Mwenye boti ya kupeleka wageni kisiwa cha Misali kila siku, saa kwa saa, anunue stroki nne bila ya kufikiri mara mbili. Petroli anayookoa italipa tofauti ya bei, na mgeni aliyekuja kutazama kasa na matumbawe hataki kuvuta moshi. Lakini stroki nne inataka oili ibadilishwe kwa wakati, chujio libadilishwe, na ina vali na mkanda. Na ukiilaza kwa upande usiostahili, oili inaingia kwenye silinda.

Ndipo tunapofika kwenye kulala. Mashine nyingi za Pemba hazilali baharini. Mvuvi akirudi alfajiri huifungua vibano, akaitia begani au kwenye toroli, akaenda nayo nyumbani, kwa kuwa ikiachwa dikoni huenda asubuhi isiwepo. Kumi na tano ya stroki mbili ina kilo thelathini na kitu. Ya stroki nne inapita hamsini. Maji yakiwa yamepwa, baina ya chombo na mchanga mkavu kuna mwendo wa matope yanayokufika magotini. Kilo kumi na tano za ziada begani hapo si jambo la kwenye karatasi. Arobaini ndiyo kabisa, inataka watu wawili, na mmoja wao akishachoka mtaanza kuiacha. Nimemuuliza kila kijana anayetaka arobaini: una ndugu wa kukubebea? Wengine hucheka. Shemeji alinyamaza, kwa sababu mtoto wake mkubwa ameshakwenda Unguja kutafuta kazi ya hoteli.

Na kwa shemeji stroki mbili ilishinda kwa jambo jingine pia: yeye huenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali. Akiwa kambini pwani ya Tanga, mashine ikikataa kuwaka, anahitaji kitu anachoweza kukifungua mwenyewe juu ya mkeka. Plagi, kabureta, koili, basi.

Propela nitaisema kwa ufupi, ingawa inastahili andiko lake peke yake. Ina namba mbili, upana na hatua, yaani umbali ambao ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja. Hatua ndogo husukuma mzigo, hatua kubwa hukimbia. Mashine nyingi mpya huja na propela ya boti nyepesi, na mwenye mashua anaifunga hivyo hivyo, kisha analalamika kuwa mashine haina nguvu. Mimi nina saa ndogo ya kuhesabia mizunguko, waya wake unaviringishwa kwenye waya wa plagi. Ukiwa na mzigo wako wa kawaida, ukafungua yote, mizunguko inatakiwa ifike ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, kwa stroki mbili nyingi ni kama 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Isipofika, punguza hatua. Ikipita, ongeza. Inchi moja ya hatua hubadilisha mizunguko kama 150 hadi 200. Kubadilisha propela ni rahisi mno kuliko kubadilisha mashine, lakini hakuna anayependa kusikia hivyo, kwa kuwa propela haionekani na majirani.

Za mitumba, sizikatai. Nyingine zimetoka kwenye mito na maziwa ya maji baridi huko zilikotoka, ndani safi kuliko ya hapa ya mwaka mmoja. Ila usinunue kwa kuisikiliza ikinguruma kwenye pipa. Fungua skrubu ya oili ya gia: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, sili zimekufa. Toa plagi, pima mgandamizo wa kila silinda. Kama silinda moja ipo chini ya nyingine kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, muulize muuzaji bei ya pistoni na ringi, umwone atakavyobadilika uso. Iwashe uone inakojoa vipi, yaani inavyotoa maji ya kupozea. Mkojo uwe wa nguvu na usikatike. Tazama na zile zinki: zikiwa zimepakwa rangi, aliyezipaka hajui kazi yake, maana zinki iliyopakwa rangi haiwezi tena kuliwa na chumvi badala ya mashine.

Kisha uliza vipuri. Kuna mzee mmoja hapa amerithi Evinrude, mashine ya heshima, jina la Ole Evinrude aliyeanza kuuza mashine za nje ya boti kule Milwaukee mwaka 1909. Lakini kampuni ilisimamisha kuzitengeneza mwaka 2020, na kila kipuri sasa tunakisubiri kama barua ya mapenzi. Mashine za Kichina zina afadhali katika hili, kwani nyingi zimefuata vipimo vya Yamaha na vitu vyao huingiliana. Ubora wa chuma chao haulingani, nyingine nzuri, nyingine za msimu mmoja. Angalau impela, ile feni ya mpira inayovuta maji ya kupozea, utaipata dukani leo hii. Na impela ni jambo la kubadilisha kabla haijakufa, hasa wewe unayeteka mchanga kila maji yakipwa.

Shemeji amechukua kumi na tano, stroki mbili, shafti ndefu, propela ya hatua ndogo. Tanga hakuliuza. Kaskazi ikivuma vizuri huzima mashine akaliachia, na petroli inabaki kwenye dumu. Dikoni anawaambia watu kuwa mimi nilimkataza arobaini kwa husuda. Basi na awaambie.

Wewe unayekuja wiki hii, njoo na urefu wa chombo kwenye mstari wa maji, kimo cha shetri kwa inchi, na makisio ya kweli ya mzigo, si ya kujisifia. Na kabla ya yote, ichukue nyundo uugonge ubao wa shetri yako kuanzia juu mpaka chini, hasa kama ni faiba kuukuu, maana ndani yake kuna mbao na hizo huoza bila ya kuonekana. Ukisikia mlio mkavu, njoo kwangu. Ukisikia mlio butu, hela ya mashine iweke kwanza: fundi wa faiba yuko mlango wa pili kutoka kwangu, na Ijumaa yeye hufungua mapema kuliko mimi.